UZI: Siku tano Nairobi na shosti wangu, siku moja yangu siku moja yake

Habari zenu wakuu. Nimerudi wiki iliyopita na bado miguu inauma ila nimesema niandike kabla sijasahau, maana wengi humu tunaulizana likizo twende wapi na tunaishia kulala nyumbani.

Mimi nipo Arusha, ni nesi. Shosti wangu yupo Kinondoni, Dar, anauza mitumba, magauni hasa, anapiga picha anaweka status watu wanaagiza. Tulisoma wote sekondari ya bweni, kitanda cha juu na cha chini. Kila mwaka tunasema tutaenda Dubai, tutaenda Istanbul, hela haitoshi, mwaka unaisha. Safari hii nikamwambia dada, kutoka kwangu mpaka Nairobi ni kama kilomita 270, ukipanda basi asubuhi mchana upo mjini, kwa nini hatujawahi kwenda hata mara moja? Akasema Nairobi kuna wezi. Nikamwambia na Kariakoo unakokwenda kila wiki? Akanyamaza, kesho yake kanitumia meseji "nikate tiketi ya Arusha lini".

Tulienda mwezi wa saba. Kosa la kwanza hilo, nilisahau kumwambia mtu wa Dar kwamba Nairobi iko juu karibu mita 1,800 na Julai ndio baridi yake, yeye kaja na vigauni na kimtandio. Siku ya kwanza tu tukanunua sweta mbili barabarani.

Tulifikia gesti ya Ngara, unatembea kwa miguu mpaka katikati ya mji. Mama wa pale akatuambia mmekuja vizuri mmeipisha Saba Saba. Shosti akamwuliza, kwani na nyie mnafanya maonesho? Mama akatuangalia sana. Kwetu Sabasaba ni banda na mabati na watoto kula askrimu, kwao ni tarehe 7 Julai 1990, wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano wa kudai vyama vingi uwanja wa Kamukunji, wakakamatwa kabla ya siku yenyewe, watu wakaenda hivyohivyo na wakapigwa. Tarehe ileile, mwezi uleule, nchi jirani. Mi nilikuwa sijui kabisa na nilisoma historia mpaka form six.

Sasa siku ya pili ndio tukagombana na hapo ndipo uzi wangu ulipo hasa. Mimi napenda kusoma vibao. Nikiona sanamu nasimama, nikiona jengo la zamani nauliza. Nilimpeleka kwenye sanamu ya Dedan Kimathi, yule wa Mau Mau, nikampeleka kwenye ya Tom Mboya pale Moi Avenue, nikawa namweleza kwamba Mboya aliuawa karibu na hapo tarehe 5 Julai 1969 akitoka duka la dawa, alikuwa waziri, hajafika hata miaka arobaini, na mimi nikisimulia hivyo nahisi kama namwona anatoka mlangoni. Shosti wangu kaubana mkoba kifuani, anatetemeka, njaa inamuuma, akaniambia kwa sauti, "mimi sikuja kuzunguka makaburi, nilikuja likizo." Nikakasirika. Tukarudi gesti hatuongei, kila mtu na simu yake.

Usiku akavunja ukimya yeye. Akasema tufanye hivi, kesho siku yangu, nakupeleka ninapotaka na hulalamiki. Keshokutwa yako, unanipeleka unapotaka na silalamiki. Tukapeana mkono kama watoto wa shule. Wakuu, hilo wazo ndilo lililookoa safari nzima, ntaeleza.

Mdau wa Mbeya: Dada asante kwa uzi. Kabla hujaendelea, mpakani mlitumia nini, na hela mlibadilisha wapi? Nataka kwenda na mke wangu.

Mkuu, tulitumia paspoti za Afrika Mashariki, mtu wa Tanzania halipi viza. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, wanaiulizia. Namanga ni kituo kimoja cha pamoja siku hizi, unagonga muhuri wa kutoka na wa kuingia humohumo ndani, haikutuchukua muda.

Hela ndio nisikilize vizuri. Ukishuka kwenye basi kuna vijana wanakuja na mabunda mkononi wanahesabu harakaharaka, sisi tulibadilisha kidogo kwa mmoja, tumefika ndani ya basi tunahesabu tena noti mbili hazipo. Iliniuma sana kwa sababu nilihesabu naye nikiangalia kabisa. Badilisha benki au duka rasmi la fedha, na kiwango kijue kabla hujafika, sisi hesabu ya kichwani tulikuwa tunachukua shilingi moja yao ni kama ishirini yetu.

Halafu sajili laini ya Safaricom kwa paspoti yako mapema. Nairobi kila kitu ni M-Pesa, muuza karanga ana namba ya till, muuza mahindi ya kuchoma ana till, na choo cha kulipia hivyohivyo. Ukitoa noti ya elfu moja kwa kitu cha shilingi hamsini mtu anakuangalia kama umemletea kesi. Sisi tunajua M-Pesa lakini wenzetu walianza nayo 2007 na imewaingia damuni.

Basi naendelea. SIKU YAKE.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri kaniamsha. Gikomba, soko lao la mitumba. Nilikuwa nalisikia tu, nikadhani ni kama Karume tu pale Ilala. Jamani. Tumepita stendi ya Machakos, giza bado, baridi ya kukata masikio, watu wamejaa tele na mabelo yanashushwa mgongoni. Belo likifunguliwa kuna duara la watu limeshalizunguka, wanawake wengi, wanasubiri ule wavu wa plastiki ukatwe, na ukikatwa tu mikono inaingia. Kile cha kwanza kabisa, nguo safi isiyo na doa, wanaita kamera. Inachukuliwa na wenye maduka ya mjini. Inayofuata inapangwa, inatundikwa. Mwisho wa siku kinachobaki chini ni fagia, unanunua kwa bei ya kutupa.

Shosti wangu, ambaye jana yake alikuwa anaogopa hata kuvuka barabara, alibadilika nikamshangaa. Kaingia kwenye duara. Anashika gauni, hasomi lebo, anapitisha kidole kwenye mshono wa ndani ya kwapa kisha ananusa, anarudisha au anaweka begani. Nikamwuliza kwa nini kwapani, akasema gauni linakufa pale kwanza, pakiwa pazima mengine yanarekebishika. Nimeishi na huyu mtu miaka ishirini sijawahi kumwona kazini kwake. Wamama wa pale wakamwelewa mara moja, mmoja akamwambia "wewe ni wa kazi, kaa hapa na mimi", akampa kigoda. Wakaanza kuulizana bei za Dar na Nairobi, belo la Korea na la Uingereza, nani anadanganya uzito. Mimi nimeshika chai tu nasikiliza.

Ndipo yule mama akaelezea moto. Soko lile limeungua mara nyingi mno, Juni 2018 moto uliua watu 15 usiku. Alionyesha kwa kidole banda lake lilipokuwa na lilipo sasa, akahesabu mara ngapi amejenga upya, kisha akaendelea kukunja suruali. Watu wanaungua leo, wiki inayofuata wamepiga mbao wanauza. Nilitaka kulia pale, sijui kwa nini, labda nilikuwa na usingizi.

Tulitoka saa nne na mifuko miwili. Na sasa sikilizeni, kurudi mjini tulipita katikati ya kelele za nyundo, mafundi jua kali wanagonga masufuria, majiko, masanduku ya bati ya shule kama yale tuliyokwenda nayo bweni sisi, shosti kasimama kupiga picha sanduku la bluu. Nikauliza hapa panaitwaje. Kamukunji. Palepale pa Saba Saba! Nilikuwa nimekaa usiku mzima nimenuna kwamba siku ya vibao vyangu imepotea, kumbe mtumba ndio umenifikisha.

Mdau wa Nairobi: Karibuni sana tena. Hapo kwa kamera umesema ukweli, wale wa maduka ya mjini wanafika saa kumi usiku. Lakini swali, mlikula mutura ama mliogopa?

Tulikula mkuu. Kwa wasioijua, mutura ni utumbo uliojazwa nyama na kuchomwa. Jioni, kwenye kona, mtu ana jiko na ubao, anakata vipande anaweka kachumbari kidogo na chumvi, unakula umesimama na watu usiowajua. Shosti alisema hapana, kisha akala changu, kisha akanunua chake, kisha cha tatu.

Kwenye chakula tuliongeza maarifa. Ukisema chai Nairobi unaletewa ya maziwa iliyochemshwa pamoja, hiyo yetu ya kawaida lazima useme ya rangi. Makande ni githeri. Viazi wanaita waru, mama ntilie ni kibanda au kibandaski, chipsi mayai tulitafuta tukachoka, anakukaangia yai pembeni na chipsi pembeni na anashangaa unataka nini zaidi. Chapati madondo hiyo ni chapati maharage, na chapati zao, naomba niseme ukweli ingawa nina uchungu na nchi yangu, ni laini kuliko zetu.

Halafu lugha. Shosti kafika kibandani kasema "dada samahani, naomba wali na maharage". Yule dada kaacha mwiko, kaita wenzake, "kujeni mskie", akamwomba arudie. Karudia. Wamecheka kwa furaha kabisa, wakatuongezea mboga ya sukuma. Kuanzia pale kila tulipokwenda "naomba" ilikuwa inatufungulia mlango. Ila na wao walituchanganya, tulimsikia kijana kwenye matatu, daladala ya kwao, anamsifia bibi yake mrembo, shosti ananinong'oneza huyu bibi ana miaka mingapi jamani, mpaka nikakumbuka kwao bibi ni mke, yule wetu wao ni nyanya au cucu. Na hesabu za hela, mbao ni ishirini, finje hamsini, soo mia, thao elfu. Jifunzeni kabla, konda hasubiri mtu.

SIKU YANGU sasa. Nilimwuliza mara mbili kama yupo tayari, akasema tulipeana mkono.

Asubuhi tukaenda Makumbusho ya Reli, nyuma ya stesheni ya zamani. Mji wote ule umezaliwa na reli, kumbukeni, kabla ya 1899 pale palikuwa bwawa na malisho ya Wamasai, jina lenyewe ni maneno yao ya maji baridi. Reli ilianza Mombasa 1896, ilipofika pale 1899 wakajenga karakana na bohari kabla hawajapanda milima ya kuelekea Bonde la Ufa, na mji ukakaa juu ya karakana hiyo mpaka leo. Lipo behewa ambalo mwaka 1900 afisa wa polisi Charles Ryall alilala ndani yake stesheni ya Kima akimvizia simba mla watu, simba akaingia akamtoa dirishani. Unapanda ndani kabisa unaona kitanda kilivyo chembamba.

Lakini mimi kilichonisimamisha ni injini nje kwenye majani. Kubwa ajabu, nyekundu, aina ya Garratt, zilitengenezwa Manchester miaka ya 1955 na 1956, jumla 34, hamna injini za mvuke za reli ya mita moja zilizokuwa kubwa kuzishinda duniani, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Hii ubavuni imeandikwa MOUNT GELAI. Gelai! Mlima wa wilaya ya Longido, kwetu, pale karibu na Ziwa Natron. Nimeshawahi kuhudumia mama mjamzito aliyeletwa kutoka Gelai. Reli ilikuwa moja, ya nchi tatu, mpaka jumuiya ya zamani ilipovunjika 1977, na huu mlima wetu ukabaki kule. Niliweka mkono kwenye chuma nikasimama. Shosti hakulalamika, alinipiga picha na akaniacha nikae nayo.

Kutoka pale unatembea dakika chache tu, kona ya Moi Avenue na Haile Selassie. August 7 Memorial Park. Nilikuwa nimepaweka kwenye ratiba kwa sababu zangu za vibao tu. Sikufikiria. Nakiri sikufikiria.

Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998 asubuhi, ubalozi wa Marekani ulikuwa pale. Bomu la lori. Watu 213 walikufa Nairobi, na jengo la jirani, Ufundi House, liliporomoka lote. Wengi walipofuka kwa sababu ulianza mlio mdogo, watu wa maofisini wakakimbilia madirishani kuangalia kuna nini, ndipo mkubwa ukaja na vioo. Kuna mama, Rose Wanjiku, alikuwa hai chini ya kifusi, waokoaji wakawa wanaongea naye, na hawakumfikia kwa wakati. Sasa ni bustani ndogo tulivu, majani, mabenchi, na ukuta wa majina.

Shosti alikwenda ukutani peke yake. Nikaona hageuki. Nikamfuata, analia kimyakimya. Akaniambia, "mimi nililisikia la kwetu." Dakika zilezile, Dar, ubalozi wa Marekani wa Barabara ya Laibon, watu 11. Yeye alikuwa na miaka minane, Kinondoni, yuko uani na mama yake wanafua. Vioo vya dirisha vikalia, mama yake akadhani mtungi wa gesi wa jirani, akamnyanyua na sabuni zake mwilini wakakimbia barabarani, na barabarani kila mtu alikuwa anakimbia upande wake. Mama yake alishafariki. Hajawahi kunisimulia, bweni miaka minne, kitanda cha juu na cha chini. Anasema siku zote aliwaza la Dar tu, hakujua kwamba asubuhi ileile kulikuwa na ukuta mzima wa majina huku. Alisoma majina yote. Mimi nilisimama nyuma yake na safari hii mimi ndiye niliyekuwa nasubiri, na ningesubiri mpaka jioni.

Mdau wa Nairobi: Madam umenigusa. Mimi mzaliwa wa hapa na sijawahi ingia hapo, napita tu nikienda steji ya Railways. Hiyo siku mamangu alikuwa akifanya kazi Moi Avenue, alirudi usiku kwa miguu bila viatu na hakutuambia kitu. Nitampeleka.

Mpeleke kaka. Na umpe muda wake asome.

Nimalizie na habari ya usafiri wa matatu maana wengi mmeuliza. Jioni ile hatukutaka kukaa gesti na mawazo, tukapanda nganya, yaani matatu iliyopambwa, ya Rongai kwenda na kurudi bila kazi yoyote huko. Imechorwa nje kila inchi, ndani skrini, taa za rangi, muziki unaosikia tumboni. Konda ananing'inia mlangoni kwa vidole. Shosti alicheka kwa mara ya kwanza tangu mchana, nikamshukuru Mungu. Kitu cha kujua, nauli haina bei moja. Tulikwenda kwa kiasi fulani, wakati wa kurudi mvua ikaanza ikapanda karibu mara mbili, na watu wote wakalipa wakiguna tu. Sisi tumezoea LATRA kapanga nauli na konda akizidisha basi zima linamjia juu. Kwa hiyo beba hela ya ziada, na simu usiishike dirishani, hilo abiria wenyewe walituonya, tena kwa upole, "madam weka simu".

Siku ya mwisho hatukugawana. Asubuhi juu ya KICC, lile jengo lao la mikutano, ghorofa 28, mpaka kwenye uwanja wa helikopta paani, tukawa tunaonyeshana, kule Gikomba, kule stesheni, ule msitu. Kisha matatu ya Ruaka tukashuka Karura. Msitu zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, na ungekuwa majumba leo kama si mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walioingia mwaka 1999 na miche mkononi wakapigwa mpaka damu. Tulitembea mpaka kwenye maporomoko, tukakaa kwenye jiwe, tukala chapati zetu. Hatukuongea sana.

Mdau wa Mbeya: Sawa dada nimeelewa. Mke wangu hapendi vibao hata kidogo, anapenda vyombo vya nyumbani. Nianzie wapi?

Anza na Kamukunji mkuu, siku yake iwe ya kwanza. Sufuria atapata, na wewe uwanja wa Saba Saba unaupata hapohapo. Sanduku la bluu nilimnunulia shosti, tulilirudisha mpaka Arusha miguuni kwenye basi, magauni yote ya Gikomba ndani yake. Tulipopita Longido nilimwuliza mzee aliyekaa mbele yetu Gelai uko upande gani, akaonyesha kwa fimbo magharibi, mawingu matupu. Shosti akafungua dirisha akapiga picha mawingu.

Mwezi wa kumi na mbili tunakwenda Kampala, Mungu akipenda. Siku ya kwanza ni yake na ameshachagua soko la Owino. Wenyeji wa Kampala mliomo humu, mabelo pale yanafunguliwa saa ngapi?